Nettle na kurunzi: kisa cha mbwa aliyeanza kubweka

Nettle alikuwa na umri wa miezi kumi alipoanza kubweka akiwa bado kwenye kamba. Kwa mbwa wa kulinda nyumba hilo si neno. Kwa mbwa wa kuwinda sungura usiku ni kasoro ya kumfukuzisha kazi. Kurunzi imewashwa, sungura amejikunyata katikati ya shamba, na kabla bwana wake hajasogea hatua mbili mbwa anaachia kelele. Sungura wote wa shamba hilo na la jirani wanajua kuna nini. Wazee wa kazi hii kule England wana dawa moja tu kwa mbwa wa namna hiyo: muuze, na mnunuzi usimwambie sababu.

Nettle hakuuzwa. Leo anawinda kimya, ingawa kwa masharti nitakayoyataja. Nakiandika kisa chake kwa kuwa nilikuwa karibu nacho: mwenye mbwa ni jirani yangu, kijana anayefanya kazi kwenye shamba la nguruwe, nami nilikuwa nikimfuata nyuma kubeba sungura. Malipo yangu yalikuwa sungura mmoja au wawili, na sungura wa huko akipikwa taratibu kwa tui la nazi hana tofauti kubwa na kuku wa kienyeji. Mbebaji hashiki taa wala kamba, kwa hiyo ana nafasi ya kumtazama mbwa na kumtazama mwenye mbwa pia. Rai yangu ni hii: karibu kila kosa lililoitwa ukaidi wa Nettle lilikuwa somo alilofundishwa na mkono ulioshika kurunzi, naye alilishika vizuri mno.

Mahali penyewe

Tuko Breckland, mpakani mwa Norfolk na Suffolk, mashariki mwa England. Udongo ni kichanga, mvua ni haba kwa kipimo cha Waingereza, na mipaka ya mashamba imepandwa misonobari iliyopindapinda. Chini kumetapakaa mawe ya gumegume yenye makali kama kigae cha chupa. Watu wa kale walichimba mashimo marefu kuyafuata, na mashimo hayo bado yapo mahali paitwapo Grimes Graves. Mawe haya nitayarudia, maana yana sehemu yake katika kisa hiki.

Ni nchi ya sungura tangu Zama za Kati. Waliletwa England na Wanormani, wale wavamizi waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, wakafugwa kwa nyama na manyoya katika maeneo makubwa yaliyolindwa dhidi ya wezi, na karibu na mji wa Thetford bado limesimama jengo la mawe alimokuwa akikaa mlinzi wa sungura. Baadaye sungura wakawa wengi kupita kiasi. Mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosi ulifika Uingereza na kuwafagia karibu wote; waliobaki wakazaana tena. Mkulima wa leo huwaona kando ya shayiri yake, pale mimea inapobaki na kimo cha kidole huku ya katikati ikifika gotini. Sheria ya mwaka 1954 inamtwika mwenye ardhi wajibu wa kuwadhibiti. Ndiyo maana kijana mwenye mbwa mzuri na adabu njema hapati shida kukaribishwa.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, huenda anajiuliza kama jambo hili ni halali. Kwa England na Wales, Sheria ya Uwindaji ya 2004 inakataza kuwinda wanyama wa porini kwa mbwa, lakini imewaacha nje sungura na panya, mradi mwenye ardhi ametoa ruhusa. Kitungule, yule mkubwa mwenye ncha nyeusi masikioni asiyelala shimoni, hayumo katika msamaha huo, na kulungu vilevile. Kuingia shamba la mtu usiku bila ruhusa ili kukamata sungura ni kosa tangu mwaka 1828. Scotland wana sheria yao ya 2023, kali zaidi, na haya ninayoyaeleza yasifanywe huko.

Shida ni kwamba mashariki mwa England kuna magenge yanayokimbiza vitungule kwa kamari, yakivunja mageti na kuponda mimea kwa magari, hata mwaka 2022 Bunge likaongeza makali ya adhabu. Kwa hiyo mtu mwenye mbwa mwembamba na kurunzi usiku huhesabiwa kuwa mmoja wao mpaka aonyeshe vinginevyo. Jirani yangu hutembea na barua ya mwenye shamba mfukoni, na kabla ya kutoka hupiga simu polisi kwa namba 101 kuwaambia atakuwa shamba gani.

Mbwa mwenyewe

Nettle ni lacha. Lacha si aina rasmi ya mbwa, wala Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili mbwa, haimwandikishi kama mbwa wa ukoo. Ni chotara wa makusudi: upande mmoja mbwa wa mbio anayewinda kwa macho, kama grehaundi, wipeti au saluki, upande wa pili mbwa wa kazi, mara nyingi koli wa kuchunga kondoo au teria wa Bedlington. Grehaundi huleta kasi. Koli huleta akili, uvumilivu na miguu isiyochanika ovyo. Mama yake Nettle ni nusu koli nusu grehaundi, baba yake ni grehaundi mtupu. Kimo chake begani ni sentimita 61, uzito kilo 24, rangi ya majivu, sikio moja limesimama na jingine limelala.

Robo ile ya koli isidharauliwe. Mbwa mwenye damu ya koli hujifunza upesi, na hachagui anachojifunza. Grehaundi mtupu ungemkosea mara kumi bado asiwe ameshika kitu. Nettle ukimkosea mara mbili, ya tatu anakuonyesha kuwa ameelewa.

Malezi yake ya utotoni yalikuwa mazuri, nayapita haraka. Alifundishwa kuitika jina, kukaa na kulala chini kwa neno moja, na kuleta furushi la turubai lililofungwa ngozi ya sungura. Alizungushwa kati ya kondoo kwa kamba ndefu mpaka akaacha kuwatazama, na nguruwe alikuwa akiwaona kila siku. Uzio wa umeme wa nguruwe aliugusa mara moja kwa pua na hakuhitaji mwalimu mwingine. Kuhusu kondoo hakuna mjadala: mbwa anayesumbua mifugo mkulima anaweza kumpiga risasi, na sheria ikamwelewa.

Msimu wa kwanza ulivyoharibika

Alitolewa usiku kwa mara ya kwanza mwezi Novemba, akiwa na miezi minane. Hapo pana makosa mawili kwa pamoja. La kwanza ni umri. Mbwa wa kimo hiki mifupa yake haijakomaa kabla ya kufikisha mwaka au zaidi, na kumkatisha kona kwa kasi ile ni kuuchezea mwili ambao bado unajengwa. La pili ni majira, na hili watu wengi hawalifikirii. Mavuno huisha Agosti. Kuanzia hapo mashamba yale yalikuwa yakizungukwa na mtu mwenye bunduki na taa juu ya gari. Hadi Novemba sungura wajinga wote walikwisha kuliwa. Waliobaki ni wale waliojua kuwa mwanga ukiwaka ni kukimbia papo hapo, bila kungoja kuona nani kaushika. Mwanafunzi mchanga akapewa walimu wagumu kuliko wote.

Halafu kurunzi yenyewe. Zamani watu walibeba betri ya madini ya risasi ya volti 12 begani, nzito kama tofali, na balbu ya halojeni mkononi. Jirani yangu alinunua taa ya LED ya kisasa, nyepesi, inayoonyesha jicho la sungura umbali wa mita 300. Jicho hilo hung'aa wekundu hafifu, la kondoo hurudisha ukijani, na taa ile ilionyesha vyote kama mchana. Kilichofuata ni cha kibinadamu kabisa: ukimwona, unamtaka. Akawa anamwachia Nettle akiwa mita 100 au zaidi.

Fanya hesabu. Sungura anayekimbia kilomita 40 kwa saa huenda mita 11 kwa sekunde. Akiwa mita 40 kutoka kwenye shimo lake, anafika ndani ya sekunde nne. Mbwa wa kilomita 60 kwa saa, katika muda huohuo, atakuwa ameenda kama mita 60. Ukimwachia akiwa mita 100 nyuma na sungura akaondoka palepale, mbwa atafika mahali sungura alipokuwa amekaa wakati sungura mwenyewe yuko chini ya ardhi. Hakuna mbio hapo, ni mazoezi ya kukosa. Mbwa anayekosa kila siku ama hukata tamaa ama hutafuta njia yake mwenyewe, na mwenye damu ya koli hutafuta njia.

Njia aliyoipata Nettle ilikuwa ukingo wa shamba. Sungura akishaingia vichakani, utaratibu ni kuzima taa mara moja: giza ndilo linalomwambia mbwa kuwa mambo yamekwisha, arudi. Jirani yangu hakuzima. Kila Nettle alipokosa, alizungusha mwanga kando ya misonobari kumtafutia sungura mwingine, kwa huruma tu, asirudi mikono mitupu. Mara moja moja mwanga ulimwangukia sungura wa pili, na Nettle akamkimbiza. Kwa mbwa, maana ikawa wazi: ukikosa, usirudi, endelea kuzunguka, mwanga utakuletea mwingine. Baada ya wiki chache hakuhitaji hata mwanga. Taa ikizimwa, anaingia vichakani kwa pua na kupotea, huku bwana wake akisimama gizani akipuliza filimbi na kuwaamsha sungura wa kata nzima.

Desemba akaja rafiki na mbwa wake mzima, dume la miaka mitano, kwa nia njema ya kumfundisha mdogo. Mbwa hufundishana, ni kweli, lakini somo la siku zile lilikuwa wivu. Dume lilimpita Nettle kwa kasi na kunyakua sungura wote. Alipobahatika kumpata wake, dume lilimpokonya mdomoni. Na zamu ilipokuwa ya dume, Nettle alishikwa kwenye kamba akitazama mwenzake akikimbia. Hapo ndipo sauti ilipotoka: kwanza mnong'ono wa puani, kisha mguno, kisha kubweka kwenyewe.

Niliangalia kwa makini kilichofuata, kwa sababu ndicho kiini cha kisa hiki. Zamu yake ilipofika akabweka, na sungura akaanza kuinuka. Jirani yangu, ili asimpoteze, akamwachia haraka haraka. Mara nyingine ikawa hivyohivyo. Mbwa anabweka, kamba inafunguka. Ungetaka kumfundisha mbwa kubweka kwa makusudi usingepata mbinu bora kuliko hiyo: toa sauti, upewe kile unachokitaka kuliko vyote duniani, tena papo hapo. Jirani yangu aliamini anamwahi sungura.

La kuleta nalo likaharibika kwa njia iliyotabirika. Nettle akikamata, bwana wake alimkimbilia kwa furaha, mikono mbele, kabla dume halijafika. Kwa mbwa, watu wawili wanaokuja mbio kwake akiwa na windo mdomoni, mmoja wa miguu miwili na mwingine wa miguu minne, wote ni wanyang'anyi. Akaanza kuzunguka kwa mbali, kisha kusimama mita kumi na kumtafuna sungura pale pale. Sungura waliopatikana Januari walikuwa wamepondwa mbavu, hawafai kwa mpishi wala kwa bucha.

Gumegume likamaliza msimu. Mwishoni mwa Januari Nettle alipasua ngozi nene ya wayo wa mguu wa mbele, jeraha la kushonwa. Hapa pana jambo la kujua kwa yeyote mwenye mbwa wa damu ya mbio: mwambie daktari wa mifugo mapema mbwa wako ni wa damu gani. Grehaundi na jamaa zake wana mafuta machache mwilini, na baadhi ya dawa za zamani za nusukaputi, zile za jamii ya thiopentali, huchelewa sana kuwatoka. Daktari akijua huchagua nyingine. Nettle alishonwa salama na kuamriwa kupumzika, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwamuru kabla ya hapo.

Matengenezo

Wazee walisema auzwe, kama nilivyotangulia kusema. Hoja yao si ya kipuuzi. Kubweka kwenye kamba kukishakuwa tabia ni kugumu kukutoa, na wapo mbwa waliozaliwa na mishipa ya namna hiyo. Lakini mbwa aliyefundishwa kubweka ndani ya wiki sita si sawa na aliyezaliwa nao, na tofauti hiyo inafaa kuchunguzwa kabla ya kutangaza bei.

Jirani yangu alikubali mambo matatu, la tatu kwa shingo upande: hakuna mbio za usiku mpaka mavuno yajayo, hakuna mbwa wa pili, na ile taa ya LED ibaki kabatini.

Kuleta kulirekebishwa ndani ya nyumba. Varanda ya kuingilia ni nyembamba, mtu mmoja kupita. Furushi likitupwa mwisho wa varanda, mbwa hana nafasi ya kuzunguka, njia ya kurudi ni moja tu na mwisho wake umekaa wewe. Mwenye mbwa anachuchumaa kwa ubavu, hatazami, hanyooshi mkono. Mbwa akija, anapapaswa kifua na shingo huku furushi likiwa bado mdomoni mwake. Hapo ndipo watu wengi huharibu, kwa sababu mkono wa binadamu una pupa. Nettle ilibidi ajue upya kuwa kumkaribia bwana wake na kupoteza windo ni vitu viwili tofauti. Zilipita wiki kadhaa za jioni fupi kabla kichwa chake hakijalegea alipokuwa akija. Baadaye wakahamia uani, kisha malishoni, na mwisho sungura aliyekufa, baridi, badala ya furushi.

Kubweka kulishughulikiwa Julai na Agosti, usiku, kwa kurunzi bila mbio. Walitoka, taa ikawashwa, sungura wakaonekana, na hakuna kilichotokea. Mbwa amelala chini kwenye kamba, sungura anakula majani, dakika zinapita. Akitoa sauti yoyote, hata ile ya puani, taa inazimwa, wanageuka, wanarudi nyumbani bila neno. Hakuna kufoka wala kuvuta kamba. Akinyamaza, wanasogea shamba la pili, taa tena, sungura tena, hakuna kitu tena. Kwa mtu anayebeba mfuko hizo ni matembezi ya kuchosha kuliko yote. Ila kwa kuumwa na mbu wa kiangazi na kutazama mbwa akipiga miayo ndipo nilipoamini kuwa itafanikiwa: miayo ilianza kutoka mbele ya sungura aliye hatua arobaini. Kurunzi ilikuwa imeacha kuwa ahadi.

Taa ya zamani ilipatikana kwa mjomba wa jirani yangu, betri ya begani na balbu yenye mwanga wa njano usiofika mbali. Udhaifu wake ndio uliotakiwa. Mwenye taa hiyo hawezi kumtamani sungura wa mita 150, kwa sababu hamwoni. Hulazimika kukaribia.

Oktoba, Nettle akiwa na mwaka mmoja na nusu, usiku ulikuja kama unavyotakiwa uje: mawingu mazito, mwezi haupo, upepo wa magharibi wenye manyunyu. Upepo hufunika hatua za miguu na hupeleka harufu nyuma, mradi utembee ukiuelekea. Tulipita kando ya misonobari ili tuwe kati ya sungura na mashimo yao. Shamba lilikuwa la mabua ya shayiri, na sungura waliokuwamo walizaliwa kiangazi kile. Wengi hawakuwahi kumulikwa.

Mwanga ulimpata mmoja kama hatua sitini mbele, masikio yamelazwa mgongoni. Taa ikazimwa. Tukasogea gizani kwa kunyata, na ilipowashwa tena alikuwa palepale, hatua thelathini na kitu. Nettle alikuwa akitetemeka mapaja na mate yanadondoka kwenye kidevu, lakini hakutoa sauti. Jirani yangu alingoja, naamini kwa makusudi, muda wa pumzi mbili tatu, kisha akaachia ncha moja ya kamba ikapita kwenye pete ya ukosi.

Mbwa hakimbii na mwanga usoni. Hukimbia pembeni mwa mwanga, na mwenye taa humfuata sungura, si mbwa. Sungura alingoja mpaka mwisho, akaruka kulia. Nettle akapitiliza, mchanga ukarushwa na makucha, akageuka kwa kiuno kizima na kumwokota kwenye kona ya pili. Taa ikazimwa. Giza lote. Halafu mwanga ukawashwa tena, safari hii ukielekezwa chini kwenye viatu vya mwenye mbwa, mduara mdogo wa njano juu ya mabua, na yeye amechuchumaa kwa ubavu kama kwenye varanda.

Alikuja mbio, akapunguza mwendo, akasimama mita tano hivi. Nilidhani ataanza kuzunguka. Jirani yangu hakugeuza kichwa. Nettle akaingia kwenye mduara na kuegemeza kidevu gotini kwake, sungura hai mdomoni, hana hata unyoya uliotoka. Akapapaswa shingo, kifua, tena shingo. Kisha likaja lile neno la kutoa, akaachia, na shingo ya sungura ikavunjwa kwa mkono mara moja, jambo lisilopaswa kuchukua zaidi ya sekunde. Tukakaa gizani mpaka pumzi ya mbwa ikatulia. Mashamba yalikuwa na sungura tele na usiku ulikuwa bado mbichi, lakini jirani yangu akasema twende nyumbani. Nilipomsikia akisema hivyo nilijua kwamba si mbwa peke yake aliyebadilika.

Alipokosa, katika usiku zilizofuata, taa ilizimwa sungura alipogusa tu kivuli cha misonobari, na baada ya muda mduara wa viatu ukawashwa. Mara za mwanzo alikawia. Alipogundua kuwa ukingoni hakuna mwanga tena wala sungura wa pili, akaanza kurudi kabla mduara haujawashwa. Mbio zilikuwa chache kwa usiku, zikiongezwa kidogo kidogo. Mbwa wa namna hii hajui kujipimia: akipewa mbio ishirini atazikimbia zote, na kesho yake amekakamaa misuli na mkojo umekuwa wa rangi ya chai, dalili kwamba misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Aliyefikia hapo ni wa kupelekwa kwa daktari usiku huohuo.

Jambo jingine dogo: matumbo ya sungura yalizikwa, hakupewa mbichi. Vifuko vya tegu hukaa tumboni mwa sungura, na mbwa akivila tegu mzima hukua ndani yake.

Yaliyobaki

Nettle hajapona kabisa. Akishikwa karibu na mbwa mwingine anayekimbia, mnong'ono wa puani unaanza upya ndani ya dakika moja, kwa hiyo huwinda peke yake. Nadhani itabaki hivyo maisha yake yote. Wivu ulioingizwa umri ule hautoki kwa miayo ya kiangazi.

La pili ni mwezi. Usiku wa mbalamwezi, hata mwezi ukiwa nusu, taa ikizimwa mbwa bado anaona. Giza lililokuwa alama ya kurudi halipo, na Nettle huingia vichakani kama zamani. Rafiki yule mwenye dume anasema huo ni ukaidi uliorudi. Mimi naona ni uthibitisho wa jambo lilelile: hakuwahi kujifunza kutii filimbi akiwa katika joto la mbio, alijifunza kusoma mwanga na giza, na usiku wenye mwezi maandishi hayasomeki. Jirani yangu sasa haendi mwezi ukiwa juu. Sungura nao usiku huo huwa na macho makali, hivyo hapotezi kitu.

Msimu huu sungura wenyewe wamepungua. Ugonjwa wa kutokwa damu, hasa aina ya pili iliyosambaa Uingereza katika miaka ya 2010, umepita Breckland na kuacha mashimo matupu. Wakulima hawalalamiki, lakini wahifadhi wa mazingira wanalalamika: mimea midogo na wadudu adimu wa eneo hili wanahitaji nyasi zilizokatwa fupi na meno ya sungura, na mradi wa Shifting Sands ulifikia hatua ya kurundika matawi na kutengeneza tuta za mchanga ili sungura wapate pa kujificha. Upande mmoja wa barabara wanajengewa, upande wa pili wanamulikwa. Jirani yangu huheshimu mpaka huo, na kuanzia Machi hawindi kabisa upande wa malisho, ambako ndege wa ardhini wanakuja kutaga.

Sasa anataka kumpandisha Nettle, apate watoto wawili abaki nao. Nimemwambia ningengoja. Kama ile sauti ilikuwa ya kufundishwa tu, watoto watakuwa salama. Kama hata sehemu yake ilikuwa ya kurithi, tutajua pale Nettle atakapofikisha miaka minne au mitano, kwa kuona kama ataendelea kunyamaza akiwa peke yake. Amesema atafikiri. Dume la rafiki yake, lile la Desemba, tayari limetajwa kama bwana harusi, na hilo nimelipinga kwa sauti kubwa zaidi.